Fundi wa stadi za tairi njia ya Kizota, Dodoma: elfu 39, masaa matano, nyota nne

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtakachouliza. Stadi mbili mpya elfu 10, nati mbili elfu 6, boda aliyefata spea elfu 3, ufundi elfu 20, jumla elfu 39. Gereji nyingine hapa hapa mjini, jina silitaji, walishaniambia laki na nusu kwa tatizo hilo hilo na walikuwa siriasi kabisa, hawacheki.

Kwa asiyejua, stadi ni kile chuma chenye nyuzi kinachotokeza kwenye habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachobeba tairi, unapachika tairi juu yake af unafunga nati. Sio Stadi za Kazi za shule ya msingi, mwanangu alivonisikia naongea na simu kwamba nahangaika na stadi akaniuliza mama umerudi darasa la tano?

Ilivyovunjika sasa. Ijumaa moja naelekea Mpwapwa msibani, nimeshaacha barabara kubwa pale Mbande nimekata kwenda Kongwa, tairi ya mbele kushoto ikaisha upepo. Nikasimama pembeni, jeki ninayo, spea tairi ninayo, spana ninayo, nguvu ndo sina. Nati hazitoki. Nimesukuma, nimevuta, nimekaa chini nikasukuma kwa mguu, wapi. Wakapita vijana wawili na boda, Mungu awabariki, mmoja akapanda juu ya ile spana kwa miguu miwili akawa anarukaruka kama anatwanga mtama, nati ya kwanza ikalia kama mlango wa zamani ikaachia, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano ikasema tak! na spana ikamwangusha chini. Tukadhani nati imeachia. Kuokota, nati iko kwenye spana na kipande cha stadi kimo ndani yake, kwenye habu kimebaki kisiki tu.

Sasa kwa nini nati zilikaza hivyo, wiki mbili nyuma nilikuwa nimebadilisha tairi mbele sehemu moja mjini, wale wa mashine ya upepo, kijana akapiga trrrrrr kila nati mpaka gari inatikisika, mi nimesimama pale naona raha kabisa, nasema huyu anajua kazi. Kumbe ndo ananiua.

Nikafunga spea tairi kwa nati nne, nikaenda msibani taratibu speed 50 mpaka 60, tukazika, Jumamosi nikarudi hivohivo. Kila nikisikia kamlio kidogo nasimama naenda kushika nati kwa mkono. Nilitumia safari nzima kusali rozari na hata mkatoliki sio.

Jumatatu nikaenda hiyo gereji ya laki na nusu. Jamaa hakuinama hata kuangalia vizuri, kaona mdada, kaona Toyota Premio, kaniambia dada hapa habu nzima imekufa, tunatafuta habu ya mtumba na beringi yake, laki moja na ishirini, na ufundi thelathini. Nikamuuliza kwani hiyo stadi haitoki peke yake? Akasema hizi za siku hizi haziuzwi moja moja, zinakuja na habu. Akaona nimenuna akashusha, basi tukuchomelee bolti pale kwenye kisiki, elfu 25, unaondoka sasa hivi. Nikasema ngoja nifikirie, nikaondoka na nati zangu nne.

Ofisini kaka mmoja tunayekaa naye chumba kimoja akaniambia wewe usithubutu kuchomelea hiyo kitu, moto unapika grisi ya beringi na sili zake, chuma cha habu chenyewe kinapoteza ule ugumu wake, utakuja kuachia tairi Ihumwa pale malori yanakokuja. Huyo kaka ndo akanielekeza kwa mzee wa njia ya Kizota.

Sehemu yenyewe. Hakuna kibao. Kuna mwarobaini mkubwa, Fuso moja ambayo nadhani haijatembea tangu serikali ihamie Dodoma, karatasi la bati kama kibanda, na tairi mbili zilizosimamishwa ndo mlango. Mzee ni mtu wa kama miaka sitini, nimemwamkia shikamoo kaitikia marahaba mwanangu bila kutoa kichwa kwenye injini aliyokuwa anaifanyia kazi, na hapo ndo niliposubiri kwa mara ya kwanza. Nilifika saa tatu asubuhi, kaja kuangalia gari langu saa tano na nusu. Kila nikiuliza naambiwa "nakuja sasa hivi mama". Kiti hakuna, nimekalia ndoo ya oili iliyogeuzwa, na upepo wa Dodoma mnaujua, mwezi huu wa saba unavuma na baridi na vumbi kwa wakati mmoja, nilitoka ofisini na blauzi nyeupe nikarudi nayo rangi ya ugali wa uwele. Nyota ya tano imeondokea hapo.

Ila alivokuja, alikuja kweli. Kwanza hakuangalia tairi, aliomba ile nati iliyokatika. Nilikuwa nayo kwenye pochi, sijui kwa nini niliitunza. Akaipangusa na kitambaa akaigeuzia jua akaniita, mwanangu njoo uone. Ile sehemu ya chuma iliyokatika ilikuwa na rangi mbili, zaidi ya nusu ni nyeusi ina kutu, na kipande kidogo pembeni kinang'aa kama sarafu mpya. Akasema hii nyeusi imepasuka siku nyingi, ilikuwa inaenda kidogo kidogo kila unapotembea, hii nyeupe ndo iliyokatika siku ile, yaani stadi yako ilikuwa inashikiliwa na kakipande haka. Nikahisi tumbo limeshuka. Kumbe wale vijana wa boda hawakuivunja, waliimalizia tu, na kama isingepata pancha ingekuja kukatika yenyewe nikiwa mwendo.

Af akaomba nati zote nne zilizobaki. Kazipanga kwenye boneti. Tatu zina ile washa bapa kama kisahani, moja imechongoka kama koni. Akaniuliza nani kakufungia hizi? Sikujua hata kama zinatofautiana, nati ni nati. Akanionyesha kwenye rimu, zangu ni zile sport rim orijino zilizokuja na gari toka Japani, tundu lake kwa ndani ni bapa, linataka nati ya washa bapa ikae yote. Ile ya koni ni ya rimu za chuma na sport rim nyingi za kununua madukani, ukiiweka kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu, hata uikaze vipi haikai, inacheza, na stadi inapindwapindwa kila tairi inapozunguka. Ikifungwa na mashine ya upepo ya mtu mwenye haraka ndo basi tena. Nadhani siku ile nati zangu zilichanganyikana na za gari nyingine pale chini, maana kulikuwa na magari matatu yamefunguliwa kwa pamoja na nati zote zimemwagwa kwenye beseni moja. Hiyo sitakaa nisahau, beseni la bluu.

Akatengeneza kazi hivi, na nilisimama pale pale maana baada ya ile laki na nusu simwamini mtu. Mawe nyuma ya tairi za nyuma, jeki, chini ya gari akasogeza gogo la mti nene kabisa, nikauliza hilo la nini, akasema jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Tairi ikatoka. Bolti mbili za kalipa, ile inayobana diski ya breki, spana namba 17, kalipa ikatoka nzima, na hapa nikampenda, hakuiachia ining'inie na mpira wa brekifluidi kama nilivoona wengine, kaifunga na waya kwenye springi. Diski ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, nikajua sasa nyundo inakuja, wapi, kachukua bolti mbili ndogo za milimita 8 kazichomeka kwenye vitundu viwili ambavyo vipo kwenye diski yenyewe, kazikaza huku na huku kidogo kidogo, diski ikajisukuma yenyewe ikatoka puu. Miaka sita naendesha hii gari sijawahi kujua vile vitundu kazi yake ni nini.

Kisiki cha stadi akakizungusha mpaka kikafika sehemu ambayo kwa nyuma kuna nafasi, maana kinatokea nyuma, hakivutwi mbele. Nyundo nzito, mapigo mawili, kikaanguka chini. Kijana wake akataka kusaidia kupiga na cha pili akakatazwa, "beringi hiyo, sio mhunzi hapa". Cha pili ni cha jirani yake, hakikuvunjika lakini nyuzi zilikuwa zimelika, ukipitisha kucha unasikia. Mzee akasema moja ikikatika jirani zake ndo wanabeba mzigo wake, huyu kashaumia, tumtoe. Hapo nilisita kidogo nikaona ndo anaongeza bili, ila nilipopitisha kidole mwenyewe nikanyamaza.

Sasa ikaja sehemu ya vichekesho. Stadi hana. Yaani gereji ya tairi na brake haina stadi hata moja, inabidi mtoto wa boda atumwe dukani Majengo. Karudi baada ya dakika arobaini na stadi mbili kwenye nailoni. Mzee kachukua moja, kachukua nati yangu ya washa bapa, kazungusha kwa vidole, mzunguko mmoja, wa pili, ikagoma. Mtu mwingine angechukua spana pale. Yeye karudisha kwenye nailoni kamwambia kijana, hii ni ya Nissan, rudisha. Kijana akabisha, anti mwenyewe si unaona ziko sawa? Na kweli kwa macho ziko sawa, urefu sawa unene sawa. Mzee akaziweka ubavu kwa ubavu na ile ya zamani, nyuzi kwa nyuzi, juani, zinaanza pamoja af zinaachana kama treni mbili. Toyota ni unene milimita 12 na nyuzi zinaachana milimita moja na nusu, Honda na Mitsubishi nyingi hivohivo, ila Nissan, Subaru na Suzuki unene ni huo huo 12 lakini nyuzi ni za karibu zaidi, 1.25. Ukilazimisha kwa spana inaingia, ndo ubaya wake, inaingia huku inakula nyuzi zote mbili, na unaondoka unajua umefungiwa. Wenye Subaru na Nissan mnaosoma hapa mkikopeshwa nati na jirani mwenye Toyota jueni hilo.

Boda akadai elfu 3 nyingine ya safari ya pili, nikamwambia kosa la duka sio langu, tukabishana pale kidogo, mzee akasema atailipa yeye, basi nikaona aibu lakini sikutoa hela. Nasema ukweli tu.

Stadi sahihi zikafika saa saba na nusu. Zina kichwa bapa nyuma na chini ya kichwa kuna meno madogo madogo yanayoshika kwenye tundu la habu, ndo yanayozuia isizunguke unapokaza nati. Tundu akalisugua na brashi ya waya, grisi hakuweka hata tone. Nikauliza mbona hupaki grisi, akasema hapa tunataka ing'ang'anie, na kwenye nyuzi usipake maana ikiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua. Stadi akaisukuma toka nyuma kwa mkono mpaka meno yakagusa, mbele akapanga washa nene nne, grisi akapaka katikati ya zile washa tu ili zizunguke zenyewe, juu yake akageuza nati moja ya zamani upande wa bapa uangalie ndani, akaanza kuvuta na spana ndefu. Polepole. Robo mzunguko, anasimama, robo mzunguko. Kijana akasema tupige mashine ya upepo tumalize, wana kompresa pale, mzee hakumjibu hata.

Kila akivuta unasikia kriii ndogo, meno yanaingia kwenye chuma. Mwisho ikawa nzito ghafla, akasimama. Akaniambia mwanangu leta simu yako ina tochi nzuri, pitisha mkono huku nyuma upige picha. Mi na blauzi yangu iliyokuwa nyeupe nikapiga magoti, nikapiga picha tatu, mbili vidole vyangu tupu, ya tatu ikatoka vizuri, kichwa cha stadi kimelala bapa kabisa kwenye habu, hakuna nafasi hata ya karatasi. Hiyo picha bado ninayo, nimempa mume wangu aone maana alikuwa anasema nimeibiwa.

Kabla ya kurudisha diski akasugua uso wote wa habu na mgongo wa rimu, kutu na vumbi, kasema ukifunga tairi juu ya uchafu, ule uchafu ukija kusagika nati zinalegea zenyewe.

Kufunga nati alianza kwa mkono zote tano, af spana kidogo kwa mtindo wa nyota, unaruka moja unafunga ya mbali, sio kuzunguka kwa mpangilio, af akashusha gari chini. Hapo akaingia kwenye kibanda akatoka na kitu kimeviringishwa kwenye kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Sikutegemea kabisa, mtu ambaye hana kiti cha mteja ana spana ya kupima! Akaweka 103, hicho ndo kipimo cha Toyota ndogo nyingi, nyutoni mita 103, akavuta kila nati mpaka ikalia ka, moja moja, ka, ka, ka. Nilimuuliza asiyekuwa nayo afanyeje njiani, akasema chukua spana ya nusu mita, shika mwishoni, bonyeza kama unanyanyua debe la mahindi, kilo 20 hivi, ikigoma acha. Usipande na miguu.

Akiwa anafunga akaniambia na kisa cha ile Fuso, kwamba za zamani zile nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, unazungusha kama unakaza ndo inalegea, na kwamba amepata wateja wengi sana wa stadi kupitia matingo wasiojua hilo. Alicheka mwenyewe kwa muda mrefu.

Nikaondoka saa nane na ushee. Kasema nitembee kama kilomita 50 mpaka 100 nirudi akaze tena, stadi mpya huwa zinakaa vizuri baada ya kutembea. Nikaenda na kurudi Mtumba kazini siku mbili, ya tatu nikapitia jioni, nati nne zikalia ka palepale, moja ikala kidogo kabla ya kulia. Hela hakuchukua. Nikamuachia elfu 2 ya soda, akampa yule kijana wa boda, nikaelewa ile elfu 3 bado ilikuwa inamuuma.

Mapungufu mengine niyaseme maana hii ni rivyuu sio kampeni. Risiti hakuna, nimeomba kaniandikia kwenye karatasi la daftari, kama gari ni la ofisi au unataka kurudishiwa hela usiende pale. Choo ni cha jirani na ufunguo unaombwa. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yeye muda wote yuko chini ya gari. Hizo nati mbili za washa bapa nilizonunua ni za mtumba, kaniambia wazi kabla ya kununua, zimekaa vizuri ila rangi haifanani na zile nyingine, kwa anayependa gari lipendeze itamsumbua. Na spea nenda nazo mwenyewe, chukua stadi yako ya zamani au nati, nenda nayo dukani, izungushe kwa vidole hapo hapo kaunta kabla hujalipa, ikigoma mzunguko wa pili achana nayo. Ningefanya hivo ningeokoa karibu saa nzima.

Kufika, ukitoka mjini kama unaenda Kizota angalia kulia mwarobaini mkubwa na hiyo Fuso, huwezi kuikosa, haiendi popote. Nenda asubuhi saa mbili kabla hajaingia kwenye injini ya mtu. Beba kiti. Jumapili hafungui, anaimba kwaya.